Matunzo ya mtoto baada ya kuachana: ushauri wa baba anayelipa

Tangu mimi na mama watoto tulipoachana, nimekuwa nalipa matunzo ya watoto wetu wawili. Marafiki wanaopitia njia hiyo huja kuniuliza watoe kiasi gani. Nami huwauliza kwanza kama wanajua hela hiyo ni ya nani, kwa sababu asiyejua hilo kila mwezi atalipa kwa kinyongo, na kinyongo chake kitawafikia watoto.

Hela ni ya mtoto. Haikutolewa kumpendeza mama yake wala kumwadhibu baba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 27, unazitaka nchi zichukue hatua ili mtoto apate matunzo kutoka kwa wazazi wake, hata kama mzazi yuko nchi nyingine. Kwa hiyo wazazi hawana ruhusa ya kusameheana haki ambayo si yao. Mama akisema kwa hasira "baki na hela zako," bado mtoto anadai.

Masurufu, yaani hela ya kumtunza mwenzi mliyeachana, ni jambo lingine kabisa. Hapo mahakama huangalia ndoa ilidumu muda gani, kila mmoja ana kipato gani, umri na afya, na nani aliacha kazi ili alee watoto. Mara nyingi masurufu hayo hukoma anayepokea akiolewa au akioa tena. Ya mtoto hayakomi kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nasisitiza makubaliano yaandikwe kwa viwango viwili, kila kimoja na jina lake. Nimeona watu walioandika jumla moja tu. Siku mama alipoolewa, baba akakata yote na mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Sasa kiasi. Nchi nyingine hukokotoa asilimia ya kipato cha anayelipa, nyingine hujumlisha vipato vya wazazi wote wawili, na nyingine humwachia hakimu apime. Popote ulipo, nenda na hesabu yako mkononi, na uifanye kwa mwaka mzima. Ukihesabu mwezi utakumbuka chakula na nauli, utasahau ada, vitabu, miwani, daktari wa meno, na viatu ambavyo mtoto hatavivaa muda mrefu kwa kuwa mguu unakua. Ongeza sehemu yake ya kodi, umeme na maji. Jumla gawanya kwa 12. Kisha tazama vipato: anayeingiza 60 katika kila 100 za kipato cha wote wawili, kwa maoni yangu abebe 60 katika kila 100 za gharama. Na anayeishi na mtoto anatoa pia kazi ambayo haina risiti: kukesha akiugua, kumfulia, kumsimamia masomo. Hiyo nayo iingie kwenye mizani.

Mkikubaliana, msiishie kwenye karatasi mliyosaini wenyewe nyumbani. Ipelekeni mahakamani iwe amri. Amri inaweza kukazwa: mshahara ukakatwa moja kwa moja, au mali ikakamatwa. Karatasi yenu, katika nchi nyingi, itabaki kuwa ushahidi tu, na mtaanza kesi upya siku mtakapogombana. Mimi hulipa kwa benki na kuandika "matunzo" na mwezi husika. Ukilazimika kutoa taslimu, mpokeaji asaini siku hiyo hiyo. Zawadi, begi jipya, matembezi ya wikendi, usivihesabu kama sehemu ya malipo ya amri kama hamkukubaliana hivyo. Hizo ni za moyo wako.

Kwa anayesubiri kupewa: usingoje talaka ikamilike. Omba amri ya muda kesi ikiendelea, maana mtoto anakula leo. Mwanamume akikana mtoto, mwombe hakimu aagize kipimo cha vinasaba.

Kuna baba anayeacha kulipa kwa kuwa ananyimwa kuwaona watoto, na kuna mama anayewaficha watoto kwa kuwa halipwi. Wote wawili wanamwonea mtoto. Ibara ya 9 ya mkataba ule ule inalinda haki ya mtoto kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa pale inapomdhuru. Ukinyimwa kuwaona, fungua maombi ya hilo peke yake, na hela iendelee kutoka. Na tafadhali, msimtume mtoto kudai ada. Mtoto anayesimama mbele ya baba yake akisema "mama amesema ulipe" anabeba aibu ambayo hakuitafuta. Mzazi amwandikie mzazi mwenzake.

Kazi yangu ilipokatika, nilimwarifu mama watoto kabla ya tarehe ya malipo, kisha nikawasilisha mahakamani maombi ya kupunguziwa, nikaambatanisha barua ya kuachishwa kazi. Nilipokuwa nasubiri, niliendelea kutuma nilichokipata, hata kama ni kidogo. Fanya haraka hapo. Kwa kawaida kiasi hubaki vile vile mpaka mahakama ikibadilishe, na malimbikizo hayafutiki kwa sababu tu hukuwa na kazi. Mlango huo huo uko wazi kwa anayepokea: gharama zikipanda, au mtoto akipata maradhi ya muda mrefu, aombe nyongeza.

Mzazi akihamia nje ya nchi, uliza kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 2007 kuhusu kudai matunzo ya watoto kimataifa, au ule wa New York wa mwaka 1956. Zikiwamo, kuna ofisi rasmi kila upande zinazopokea madai na kuyashughulikia, nawe hulazimiki kumfuata mtu ugenini.

Mwisho, soma amri yako uone inakoma lini. Wengi hudhani ni siku mtoto anapotimiza miaka 18, lakini sheria nyingi huruhusu iendelee akiwa bado masomoni au akiwa na ulemavu. Kama haikutaja tarehe, usikate mwenyewe. Rudi kwa hakimu akuandikie.