Hela ya bati sijatuma, sababu ni hii

Mdogo wangu, voice note yako ya jana nimeisikiliza mara tatu. Unasema eti Wazungu wa zamani walikuja huku Marekani na meli moja wakatajirika, mimi mwaka wa tano hela ya bati za mama inanishinda. Imeniuma.

Hao watu nawajua, Plymouth waliposhukia ni mwendo wa saa moja kutoka ninapokaa. Walikuja 1620 na meli ya Mayflower, watu 102, Wapuritani, yaani Waprotestanti wakali wa Uingereza, waliojitenga na kanisa la mfalme wakiwa na wenzao wa safari, nauli wamekopeshwa na wafanyabiashara wa London. Baridi ya kwanza tu karibu nusu wakafa. Meli ikarudi tupu. Novemba 1621 ikaja nyingine, Fortune, ina watu 35 na chakula hakuna, ila barua ipo, Thomas Weston, mmoja wa wafanyabiashara hao, anagomba kwa nini mzigo wa kulipia deni haukutumwa, anawaambia udhaifu wao ni wa akili kuliko mikono. Na kamwandikia gavana John Carver, ambaye keshazikwa tangu Aprili! Aliyeifungua ni Bradford, gavana aliyemrithi, ndo akajibu kwamba huku watu walikuwa wanazikana. Wakajinyima hivyohivyo wakajaza ngozi na mbao, mali ya karibu pauni 500, Wafaransa wakaiteka meli njiani. Deni limewasumbua mpaka miaka ya 1640.

Sasa mimi nahudumia wazee usiku, nawageuza, nawabadilisha nepi, natoka saa moja asubuhi vidole vimekufa ganzi hata funguo haishikiki, na kodi ya chumba inanisubiri. Wewe unaniuliza bati kabla ya salamu. Usije huku. Au njoo, una nguvu na kazi zipo, ila karatasi zako ziwe kamili, na nauli usikope kwa mtu, nakuomba.

Maneno kama yale ya voice note yako yanajenga ukuta kati ya ndugu. Wapuritani wenzao waliojenga Boston, walivyoondoka Uingereza 1630 waliliita kanisa la Uingereza mama yao mpendwa, 1689 watu wa Boston hiyohiyo wakamkamata gavana wa mfalme, Andros, wakamfunga. Sisi tusifike huko, mdogo wangu.

Mwezi ujao natuma ya bati za upande anaolala mama, zingine zitasubiri. Nipigie picha hilo paa nione panapovuja. Na ukipiga simu niulize kwanza kama nimelala.