Ba hakuniuliza nimepata ngapi

Nilikuwa na miaka tisa hivi, nimejilaza sakafuni sebuleni kwetu Kisutu, Dar es Salaam, mguu ukagonga daftari la hesabu. Ba, yaani bibi mzaa baba, alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Hakupaza sauti. Alilinyooshea kidole daftari, basi. Nikaligusa kwa mkono wa kulia, kisha nikagusa paji la uso. Kwetu kitabu ni makao ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, na mguu ukikigusa unakiomba radhi. Rafiki yangu wa darasani, Mwislamu aliyekwenda chuo cha Kurani kila jioni, hakuhitaji maelezo. Kwao nako msahafu hauwekwi sakafuni, una marfaa yake.

Wadogo zangu wa sekondari, hasa mnaotoka nyumba za Kihindu, naandika haya kwa sababu mnaniuliza dharma ni nini, na nyuso zenu zinaonyesha mnasubiri habari za ubani na kengele. (Nasema nyumba za Kihindu kwa maana ya dini. Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo au Singasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini hii.) Neno dharma limetokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kushikilia. Ni wajibu, ni haki, ni kile kinachoshikilia maisha yasiporomoke. Wazee waliyagawa maisha katika hatua nne, na ya kwanza, brahmacharya, ni ya mwanafunzi. Kwa hiyo ukiniuliza dharma yako jioni ya leo ni ipi, nitakuuliza kesho una somo gani.

Ba hakuwahi kuniuliza nimepata ngapi. Kila jioni aliuliza, "Leo umekaa na kitabu?" Nilidhani ni kwa sababu hakusoma shule. Baadaye sana nilipoisoma mwenyewe Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya pili, aya ya 47, nikamsikia. Krishna, Mungu katika umbo la binadamu, anamwambia shujaa Arjuna kwamba ana haki juu ya kazi yake, si juu ya matunda yake. Wengi mnaishia hapo, mkafurahi kwamba matokeo si kitu. Aya inaendelea: wala usishikamane na kutotenda. Uvivu nao umekatazwa papo hapo.

Mimi nilikuwa mtu wa kupiga hesabu za madaraja. Usiku wa kuamkia mtihani nilijaza karatasi nzima: nikipata B hapa na C pale nitaingia tahasusi gani. Saa nzima inapita, hakuna swali hata moja nililofanya. Kilichonisaidia ni kitu kidogo: kuandika juu ya ukurasa kile nitakachofanya usiku huo, si kile nitakachopata. Maswali sita ya logarithi kabla ya saa tatu. Yakiisha, nimetimiza dharma ya siku, nalala. Jaribuni kwa wiki moja.

Sasa niseme la aibu. Kidato cha tatu tulikuwa maabara, tunapima asidi kwa bureti, ule mrija mrefu wenye mistari ya vipimo. Unatakiwa urudie mara tatu na vipimo vikaribiane. Nilifanya mara moja, nikachoka, nikamchungulia jirani: 24.50, 24.40, 24.50. Nikaandika hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa ametugawia asidi za nguvu mbili tofauti, na sisi hatujui. Alilitazama daftari langu, akauliza kwa upole, "Namba hizi umezitoa wapi?" Niliishiwa maneno.

Tangu utotoni nilijua kuikariri asteya, kutoiba, na satya, ukweli. Siku zote niliwaza fedha za dukani. Kumbe nilivunja zote mbili kwa kalamu moja. Nilipomsimulia Ba, alisema, "Rudi ukafanye." Nikaomba ruhusa, nikarudia wakati wa mapumziko, macho kwenye mstari wa bureti mpaka yakauma: 20.10, 20.00, 20.10. Alama hazikubadilishwa, na ilikuwa haki.

Mohandas Gandhi, mpigania uhuru wa India, amesimulia jambo la namna hii. Mkaguzi alikuja shuleni kwao akawapa maneno matano ya Kiingereza wayaandike, na Gandhi akakosea neno la birika. Mwalimu wake akamgusa kwa ncha ya kiatu ili achungulie kwa jirani. Hakuchungulia. Darasa zima wakapata, yeye peke yake akakosa. Linalonigusa zaidi ni kwamba hakuacha kumheshimu mwalimu yule.

Hapo vijana hukwama: tumefundishwa kwamba mama, baba na mwalimu ni kama miungu, tutawakataliaje? Someni Taittiriya Upanishad, moja ya maandiko yetu ya kale, pale mwalimu anapomuaga mwanafunzi. Baada ya kumwambia aseme kweli, afuate dharma, asizembee kujisomea, na awaheshimu wazazi na mwalimu, anaongeza: matendo yetu mema ndiyo uyafuate, si mengine. Mwalimu mwenyewe anasema hivyo! Basi mkubwa akikuletea mtihani ulioibwa, mwamkie shikamoo, kisha ukatae.

Na kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, Gita sura ya 17 inataka maneno yasiyochoma, ya kweli, mazuri, yenye manufaa. Matokeo mabaya ya mwenzako ni kweli, lakini kuyasambaza kunamfaa nani?

Kuhusu kuchagua masomo, Gita inasema afadhali dharma yako yenye kasoro kuliko ya mwingine iliyotimizwa vizuri. Aya hiyo imetumika kuwafunga watu katika tabaka walimozaliwa, na watu wengi sana wameumia. Siisomi hivyo, nanyi msikubali kusomewa hivyo. Nyumbani walitaka niwe daktari. Moyo wangu ulikuwa kwenye hesabu za biashara. Nilisubiri Diwali, sikukuu yetu ya taa, Baba alipokuwa akibariki vitabu vipya vya hesabu za duka, vile vya jalada jekundu. Ukurasa wa kwanza huandikwa Shubh, Labh: heri, kisha faida. Nikamwambia kwa adabu kwamba vitabu vile ndivyo ninavyotaka kuvisomea, nikamwonyesha nilichopanga kwa miaka mitano. Alinyamaza mpaka ubani ukaisha. Kisha akanisogezea kalamu.

Jumapili iliyopita, tulipokutana kusoma, kijana mmoja alisimama ghafla, simu yake ikaanguka, akaikanyaga ukingoni. Mle ndimo alimohifadhi notsi zake zote za Biolojia. Akainama, akaigusa kwa vidole, akagusa paji la uso. Wenzake wakacheka. Nikamwomba asogeze kiti, tukaanza.