Mbona Wafalme wa Nchi za Kubuni Husema Kama Waingereza?

SWALI: Mhariri, kila nitazamapo filamu za majoka, wachawi na falme zisizokuwepo duniani, wahusika huzungumza kwa lafudhi ya Uingereza, hata pale ninapojua kuwa mwigizaji ni Mmarekani. Lafudhi hiyo imetoka wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Lawama, kama ni lawama, imwendee kwanza J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliyeibuni nchi ya wahusika wake wafupi kwa mfano wa vijiji vya Uingereza alivyovijua utotoni. Peter Jackson alipoigeuza riwaya ya Tolkien, The Lord of the Rings, kuwa filamu tatu, kati ya 2001 na 2003, Mmarekani Elijah Wood alimwigiza Frodo, mmoja wa wafupi hao, kwa matamshi ya Uingereza, na waliokuja baadaye wakaikuta njia imeshafyekwa.

Lakini yapo pia masikio ya watazamaji wa Marekani. Lafudhi yao wenyewe huwakumbusha jirani na muuza duka, ilhali lugha ngeni ingewalazimu kusoma maandishi chini ya picha. Ya Uingereza inasikika ya mbali na bado inaeleweka. Tena inakuja na matabaka yake. Katika tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones (2011–2019), Sean Bean, mzaliwa wa Sheffield, alibaki na matamshi yake ya kaskazini, na Kit Harington wa London akamfuata kwa kuwa aliigiza kijana aliyelelewa na mhusika wa Bean. Peter Dinklage, mtu wa New Jersey, yeye alijikaza kutamka kama bwana mkubwa wa kusini. Basi mhusika akifungua kinywa tu, umeshajua katoka upande gani.

Kinachochekesha ni kwamba lafudhi hiyo ya kibwana si ya kale hata kidogo. Mtindo wa kuimeza “r” mwishoni mwa neno ulienea kusini mwa Uingereza katika karne ya 18. Enzi za Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa karne ya 16 na 17, sauti hiyo ilitamkwa, kama Wamarekani wengi wanavyoitamka leo. Washairi wetu nao hupenda kuvaa ukale: mtu wa Tanga ataandika “mato” badala ya macho na “nti” badala ya nchi, ingawa hasemi hivyo nyumbani kwake. Ila yeye ana haki zaidi, kwa sababu maneno hayo ni ya Kiamu, lahaja ya Lamu, nacho ndicho hasa kilichotungiwa tenzi nyingi za kale.