Mnasihi aajiriwe wapi? Jibu la aliyeanzia chumba cha upimaji

Mdogo wangu, umesema kwamba ulimaliza shahada ya saikolojia na unasihi mwaka jana, umetuma maombi mengi bila kuitwa kwenye usaili hata mmoja, na sasa nyumbani wanakushauri urudi chuo kusomea uzamili. Nimeifanya kazi hii tangu 2008, kwanza Dar es Salaam na baadaye Tanga, na jibu langu ni kwamba kazi ipo, lakini ni nadra kukuta tangazo lililoandikwa "mnasihi", yaani mshauri nasaha. Ukiitafuta kwa jina lililo kwenye cheti chako, utasaga soli bure.

Sisi tulioingia wakati ule tulibebwa na Ukimwi. Julai 2007 Rais Kikwete alizindua kampeni ya kitaifa ya upimaji wa hiari kwa kupima yeye mwenyewe hadharani, na muda mfupi baadaye mimi nikaajiriwa na shirika lililokuwa na chumba cha upimaji ndani ya kituo cha afya: viti viwili vya plastiki, meza, na dirisha lenye pazia la kijani lisilofika chini. Kipimo cha haraka kilihitaji dakika 15 kutoa majibu, na dakika hizo ndizo zilizokuwa kazi yangu hasa. Dereva mmoja wa lori alizitumia zote kuikunja na kuinyoosha noti ya shilingi elfu moja juu ya goti lake, bila kusema neno, nami nikaacha akunje.

Chumba kile hakipo tena. Upimaji ulihamia kwa wauguzi, kisha mwaka 2019 sheria ikarekebishwa ili mtu aweze kujipima mwenyewe, na nafasi za washauri nasaha nilizozijua zikapungua moja baada ya nyingine. Zilizobaki zilitegemea fedha za Marekani, ambayo mwaka wake wa fedha huanza 1 Oktoba, kwa hiyo kila Septemba nililala usingizi wa mang'amung'amu nikisubiri kujua kama mkataba utaongezwa. Rais Trump aliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, wenzangu kadhaa waliambiwa waache kazi kabla hata ya kukabidhi mafaili ya wateja wao. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, na si kwa ujanja wowote. Mkataba wangu ulikwisha mapema, basi.

Ningekuwa na umri wako leo, ningeanzia kwenye tiba ya uraibu wa dawa za kulevya. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, mwaka 2011, na sasa kliniki za aina hiyo zipo pia Dodoma, Mbeya na Mwanza. Mraibu hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na dawa humwondolea arosto, yaani mateso ya kukosa dawa za kulevya, lakini haimwambii afanye nini saa 10 jioni, saa ambayo zamani alikuwa akielekea kijiweni. Hapo ndipo anapohitajika mtu kama wewe. Zipo pia soba hausi, yaani nyumba wanamoishi waraibu wanaoacha dawa za kulevya, ambazo nyingi huendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe na hutegemea ada za ndugu wa wakazi. Nilipofika kwenye mojawapo, msimamizi alinisikiliza nikieleza elimu yangu hadi mwisho, kisha akanikabidhi ufagio. Nilifagia ua pamoja na wakazi kwa wiki nzima, na ni katika kufagia huko walipoanza kuniambia mambo yao. Kwa miezi mitatu nililipwa nauli na chakula cha mchana tu, hilo sikufichi.

Serikalini, fuatilia nafasi za Afisa Ustawi wa Jamii kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na usome sifa zote badala ya kuishia kwenye kichwa cha tangazo, maana baadhi ya matangazo niliyoyasoma yalikubali saikolojia. Shule binafsi za bweni huajiri pia, ila huandika "matroni" au "patroni". Kubali, lakini iandikwe kwenye mkataba kwamba hutahusika na adhabu, kwa kuwa mwanafunzi uliyemchapa asubuhi hatakuja kukueleza lolote jioni.

Wateja binafsi wasiwe tegemeo lako kwa sasa. Mwaka wangu wa kwanza nilitoza shilingi 20,000 kwa saa na sikuwahi kuzidisha wateja wanne kwa wiki. Sheikh, mchungaji na shangazi wanashauri bure, na usiwadharau, kwani wanandoa wengi niliowahudumia waliletwa na mchungaji mmoja aliyekwisha kuchoka nao.

Uzamili usubiri angalau miaka miwili, isipokuwa kama unataka kufundisha chuoni, au unaelekea hospitalini kwa saikolojia tiba, kama ile inayofundishwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wakati huo anza kuweka daftari la saa zako za unasihi: tarehe, muda, aina ya tatizo bila jina la mteja, na saini ya msimamizi. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, na anayetaka kufanya kazi huko lazima asajiliwe na bodi yao, kwa hiyo kumbukumbu za namna hiyo zitakufaa ukivuka mpaka. Daftari langu la kwanza limechanika jalada, na bado nakwenda nalo kwenye usaili.