Mkia wa betta unaoza: anza na maji kabla ya dawa

SWALI: Daktari, habari. Samaki wangu wa bluu, aina ya betta, anaishi kwenye bakuli la lita 3, na maji nayabadilisha yote kila Jumamosi. Tangu baridi ya Julai ianze hapa Nairobi, ncha za mkia wake zimekuwa nyeusi na zinamomonyoka. Dukani wameniambia nimtilie antibayotiki iitwayo tetrasaiklini. Nitie kiasi gani?

JIBU: Usitie bado. Ncha zikiwa nyeusi au nyekundu na kulika kidogo kidogo, mapezi yanaoza. Angekuwa amejirarua kwenye mmea wa plastiki ungeona mpasuko safi. Bakteria wa ugonjwa huu wamo majini siku zote. Wamempata sasa kwa sababu bakuli limemdhoofisha.

Betta asili yake ni mashamba ya mpunga na vinamasi vya Thailand, anataka nyuzijoto 25 hadi 28. Bakuli lisilo na hita usiku wa Julai hushuka chini ya 20, na kinga ya mwili hulegea. Kisha kuna amonia, sumu inayotoka kwenye matamvua na kinyesi chake. Katika lita 3 hujikusanya wiki nzima ikimchoma, halafu Jumamosi anakutana ghafla na maji mageni kabisa.

Mhamishie kwenye chombo cha lita 10 chenye hita na kipimajoto, upandishe joto nyuzi 1 au 2 kwa siku hadi 27. Kila siku toa theluthi ya maji, urudishe mapya ya joto lile lile, yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Tia chumvi tupu gramu 1 kwa lita, kama vijiko viwili vya chai vya kusawazishwa kwa lita 10, ukiiyeyusha kwanza kikombeni. Tafadhali kuwa makini hapa: maji hukauka, chumvi hubaki. Ukitoa lita 3, rudisha gramu 3 tu. Ukijazia yaliyokauka, usitie kabisa. Baada ya siku 7 hadi 10, acha chumvi.

Utando mwangavu ukichomoza kwenye ncha, hilo ni pezi jipya, usilitibu. Uozo ukifika mwilini au akiacha kula, ndipo antibayotiki ya samaki itumike, kwa kipimo cha pakiti, ndani ya chombo hicho cha matibabu.

Akipona asirudi bakulini. Mpe tangi la lita 20 lenye filta ya sponji, na sponji uisuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, kwani klorini ya bomba huua bakteria wanaokula amonia.