Skripti ilikubali kwangu, kwenye seva ikafuta bekapu

Siku tisa mfululizo nilikuwa nafuta bekapu ya mteja wangu wa Kariakoo, na sikujua.

Skripti yenyewe, yaani faili la amri ambazo kompyuta inazifuata moja moja, ilikuwa fupi. Kila usiku saa nane ikusanye mauzo ya siku kwenye faili, kisha iangalie: faili lina kitu? Litunze. Ni tupu? Lifute. Niliiandika kwenye Mac yangu nyumbani Sinza, nikaijaribu mara tatu, ikanyooka. Juu niliweka `#!/bin/sh`, mstari unaotaja programu ya kusoma amri hizo, na sharti likawa `[[ -s "$faili" ]]`.

Kwenye Mac, `sh` ni bash iliyovaa koti jingine, hivyo mabano hayo mawili inayajua. Seva ina Ubuntu, na huko, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, `sh` ni dash, sheli nyepesi (programu ya kusoma amri, siyo ya mafuta, jamani) isiyoyajua kabisa. Na ikikwama haisimami! Inalalamika kwamba haioni amri iitwayo `[[`, inahesabu sharti limekataa, inahamia kwenye `else`, yaani "la sivyo". Kwenye `else` yangu kulikuwa na `rm`, amri ya kufuta. Malalamiko nayo yalikwenda kwenye barua pepe ya cron (programu inayoendesha skripti kwa ratiba) ambayo sikuwahi kuiwekea anwani.

Mwenye duka alipoomba mauzo ya wiki iliyopita, nilipata jasho kuliko foleni ya Ubungo. Bahati kompyuta ya kaunta ilikuwa bado nayo. "Mdogo wangu," aliniambia, "nilidhani hii kazi unaijua."

Siku hizi amri ya kufuta siiweki kwenye `else`. Nauliza wazi kama faili ni tupu, na jibu likiwa ndiyo ndipo nafuta. Sharti likiharibika, hakuna kinachopotea. Natumia bano moja `[ ]`, na `=` moja badala ya mbili. Usitegemee `dash -n`, inayokagua skripti bila kuiendesha, kwani kwake `[[` ni jina la amri tu, inaipitisha. ShellCheck, programu ya kukagua skripti, ndiyo inayoikamata. Au iendeshe skripti kwa dash yenyewe. Mac za karibuni zinayo.

`sed -i`, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili, nayo ina vituko vyake: Mac inataka kiambishi cha nakala, Ubuntu haikilazimishi. Andika `sed -i.bak`, bila nafasi katikati, zote zitakubali. Tarehe ya jana ndiyo imenishinda kuipatanisha: Ubuntu ni `date -d yesterday`, Mac ni `date -v-1d`. Hapo nauliza `uname` kwanza huu ni mfumo gani, basi.