Maswali Yenu: Mtoto Anawapiga Wenzake Chekechea

Mwanangu wa miaka 4 anawapiga na kuwang'ata wenzake. Kila mwalimu akilalamika namchapa, lakini hakomi. (Mama, Mbagala)

Swali hili naletewa kila mara, mtaa tu ndio hubadilika. Unamchapa ili aache kupiga? Mwaka 1961, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akilitwanga dubwana la mpira kwa ngumi na nyundo. Walipoachiwa dubwana hilo, wengi wakamwiga, hadi maneno yake. Na hao walitazama tu, hawakuguswa. Aliyezoea makofi akikanyagwa kwa bahati mbaya huona amechokozwa. Mshike mkono, mwambie "hatupigi", kisha mfundishe la kusema: "Sasa zamu yangu." Atarudia kupiga. Nawe rudia kumfundisha.

Au ni damu ya kwa baba yake?

Wapo wanaozaliwa wakali. Waacheni mawifi wapumzike, leeni.

Tuna mikopo ya kausha damu, ile ya vikundi yenye riba kubwa. Mimi na mume wangu tunagombana usiku tu, mtoto amelala. Mbona siku hizi hachezi na wenzake?

Nani kawaambia amelala? Na hata kama hakusikia kitu, asubuhi anamwona baba anatoka bila kuaga na mama anajibu kwa mkato. Mtoto mdogo hajui riba; anadhani kosa ni lake, basi anashinda ndani akiwachunga nyuso. Halafu kuna hili msilolisema: mikopo ya vikundi hudhaminiwa na wanakikundi wenyewe, na mara nyingi hao ni majirani. Rejesho likichelewa mnawakwepa, na mkiwakwepa wao, mtoto naye anakatazwa kwenda kwao. Atacheza na nani? Mkigombana mbele yake, pataneni mbele yake. Mwambieni ni mambo ya pesa, yeye hana kosa. Nendeni kwa majirani mkaongee, deni halijifichi. Na kukopa huku ili kulipa kule, komeni leo.

Nikimpa simu anatulia. Kuna ubaya?

Anayetulia ni wewe. Simu haimnyang'anyi mpira wala haisubiri zamu, sasa kupatana na mwenzake atajifunzia wapi?

Nikirudi nimechoka na foleni, yeye anataka mchezo. Ni lazima? (Baba, Gongo la Mboto)

Dakika kumi, kabla ya taarifa ya habari. Mchezo achague yeye, na akikwambia wewe ni ng'ombe, lia kama ng'ombe.